Ile Nafasi ya Daktari wa Macho

Mutheu mwanangu,

Mchungaji ametoka hapa sasa hivi. Alifika wewe ukiwa umeenda soko la Kariokor kutafuta viatu vya ngozi vitakavyovumilia mchanga wa Turkana, na hata kuketi hakuketi vizuri. Alishika kikombe cha chai mkononi akasema, "Mama Mutheu, ile nafasi ya daktari mkuu wa macho iko wazi tena. Yule tuliyemchukua ametuandikia, anaenda Botswana. Bodi imekaa bila wewe, kama kanuni inavyotaka, imekubaliana. Hatutaki mahojiano mengine, tunamtaka binti yako, kama yeye bado anatutaka. Tafadhali mwambie leo, kwa sababu nasikia kesho asubuhi anasafiri."

Nilimwambia nitakwambia. Nikamsindikiza mpaka kwenye kona ya duka, tukaagana, nikarudi nikafunga mlango. Sasa nimekaa mezani na karatasi na kalamu, na nia yangu, wacha niiseme tangu mwanzo, ni kuikunja barua hii na kuificha kati ya leso zako. Utaikuta ukifungua mizigo huko, basi lililokuleta limeshageuza kurudi Kitale. Wakati huo utakuwa umeanza kazi, na hospitali yetu itakuwa imetafuta mtu mwingine.

Unaona mama yako alivyo. Miaka yote nimefundisha watoto wa darasa la tatu kwamba kunyamaza nako kunaweza kuwa uongo, na leo nafanya hilo hilo.

Sitakuandikia habari za neti na maji ya kuchemsha. Wewe ndiye daktari, na wewe ndiye uliyekuwa ukinikumbusha dawa zangu za presha. Nataka nikueleze jambo ambalo hatujawahi kulizungumza vizuri, jinsi sisi watu wa bodi tunavyomchagua daktari mkubwa wa macho. Wewe umeonja upande mmoja tu wa ile meza, tena upande mchungu. Mimi nimekaa upande wa pili kwa miaka, na makosa yangu makubwa ya utu uzima nimeyafanyia pale, nimevaa nguo nzuri na ninakunywa chai ya bure.

Unakumbuka nilivyoingia kwenye bodi? Ni mdomo wangu ulioniingiza. Baba yako alipoanza kugonga fremu za milango tulidhani ni uchovu. Alikuwa karani wa mahakama pale Makadara, kutwa macho kwenye majalada, na Jumamosi alijifungia uani na patasi zake akichonga twiga na vijiko, kama wanaume wengi wa kwao. Siku alipojikata kidole vibaya ndipo nilipomburuta kwenda hospitali moja mjini. Daktari alimwangalia macho kwa taa yake ndogo, akaenda kwenye sinki kunawa mikono, na huku amempa mgongo akamwambia nesi kwa Kiingereza kwamba huyu presha ya macho imeshammaliza, amechelewa, mwite anayefuata. Alidhani mzee wa koti kuukuu hasikii Kiingereza. Baba yako alikuwa akitafsiri kesi mahakamani kwa Kiingereza hicho hicho. Aliinuka, akasema asante, tukatoka.

 Tulipofika nyumbani alikuita wewe, si mimi. "Mutheu, njoo unisomee gazeti." Ukamsomea mpaka matangazo ya vifo. Ulikuwa hujavaa bado sare ya sekondari, na ulikuwa ukisoma majina ya watu wasiotuhusu kwa sauti ya upole, kana kwamba wangekusikia.

Jumapili iliyofuata, kwenye mkutano wa washirika, waliuliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Nikasema kama hospitali ya kanisa nayo itatuletea madaktari wa kututangazia upofu wetu huku wananawa mikono, basi sadaka yangu nitakuwa nanunulia sukari. Watu walicheka, lakini Mchungaji hakucheka. Haikupita muda nikaambiwa akina mama wamenipendekeza niwe mjumbe wao kwenye bodi ya hospitali. Ukilalamika sana kanisani unapewa kiti, na ukishapewa kiti huna tena pa kulalamikia.

Sasa sikia tulivyomchagua yule wa kwanza. Daktari Mzungu wa zamani alikuwa anarudi kwao kuzeeka, tukatangaza kazi kwenye magazeti. Barua zikaja, tukazifungua, tukaita wachache. Bodi ya kanisa ina mambo yake. Kila mmoja tulimuuliza alibatizwa wapi, kama alifunga ndoa kanisani, kama anaweza kuongoza maombi ya asubuhi. Mmoja alikuwa mtu wa Kakamega, mpole, anasitasita kwenye maneno, lakini alikuwa ametoa mtoto wa jicho kwa watu wengi chini ya mahema huko mashambani. Tulimwona hana uzito. Wa mwisho aliingia na suti, amesomea ng'ambo, akatuombea sala nzuri mpaka Bwana Wafula, mhasibu mstaafu wa reli aliyekuwa mweka hazina wetu, akasema amina kwa sauti ya kwaya. Na saa ya chakula ilikuwa imepita, harufu ya pilau inatoka jikoni. Mwenye njaa hana miiko. Mchungaji aliuliza, "Tumekubaliana?" na mimi nikawa wa kwanza kuinua mkono.

Hakukaa. Asubuhi alikuwa kwetu, alasiri kwenye kliniki yake mjini, na wagonjwa wetu wakawa wanaelekezwa kumwona huko kwa bei ya huko. Baadaye hata asubuhi zikaisha. Hakuwa mtu mbaya, Mutheu. Alikuwa na watoto shuleni, na hospitali ya kanisa haina mshahara wa kumtuliza mtu. Tulimuuliza habari za mbinguni na hatukumuuliza kama atakaa, ataishi kwa mshahara upi, na atafanya nini siku darubini yetu ya pekee ya upasuaji ikiharibika. Na yule mpole wa Kakamega, nilisikia alipata kazi pwani na watu wake wanampenda. Siku moja na wewe utakaa upande ule wa meza. Ikifika saa saba, ahirisheni mkale kwanza. Unaweza kucheka, lakini mimi nimeona hospitali nzima ikiharibiwa na sahani ya pilau.

Baada ya hapo ndipo nilipoleta lile jambo la benchi. Nilisema anayetaka kazi aje kwanza asubuhi moja kliniki, aketi na wagonjwa, awatazame, na Sista Beatrice, nesi wetu wa macho, atuletee habari kabla hatujamwita ndani. Wengine walinung'unika kwamba daktari mkubwa hawezi kupimwa na nesi. Nikawaambia mikono yake itapimwa na daktari mshauri tutakayemwalika kutoka nje, mwenye kazi kama hiyo. Sisi tunataka kujua atamwambiaje mtu kwamba hataona tena. Walikubali, nadhani ili ninyamaze.

Nafasi ilikaa bure muda mrefu, tukawa tunaazima daktari siku moja kwa wiki. Kisha wewe ukamaliza masomo ya ubingwa, na bila kuniambia ukaandika kuomba kazi kwetu. Niliiona barua yako mezani pamoja na zingine, jina la baba yako likiwa limefuata lako. Furaha niliyoipata sikuionyesha. Niliisukuma ile barua kwa Bwana Wafula kana kwamba ni bili ya maji.

Nilitaka uipate, Mutheu. Na sikutaka kwa ajili ya wagonjwa, ingawa ningeweza kuapa hivyo mbele ya bodi. Nilitaka kwa sababu kutoka hospitali mpaka hapa mtaani Jericho ni mwendo wa kutembea. Ungekuwa unarudi jioni. Ningesikia maji bafuni asubuhi na kujua kuna mtu. Tangu baba yako afariki nimekuwa nikiwasha redio nikiingia na kuizima nikilala, na huwa siwezi kukuambia kilichosemwa humo katikati.

Asubuhi yako ya benchi sikuiona, lakini Sista Beatrice amenisimulia mpaka najua nani alikohoa. Kulikuwa na kijana kibarua wa viwandani, Industrial Area, kipande cha chuma kimemruka jichoni kwenye mashine ya kukata, na mwenzake alikuwa amejaribu kukitoa kwa njiti ya kiberiti. Alikuwa amefunika jicho kwa kiganja na hataki mtu amguse.

"Dokta, wachana na hii macho," akakuambia. "Mimi ni msee wa job. Nikilala hapa, kesho nafutwa."

Na wewe, bingwa mzima, mbele ya daktari mshauri aliyesimama mlangoni, ukavuta kiti ukakaa chini kuliko yeye ukamjibu kwa Sheng yake ya mtaani, "Tulia beshte. Hiyo chuma nikiitoa saa hii, kesho uko job. Ukienda nayo, next week utakuwa unatafuta job na jicho moja. Sasa niambie wewe mwenyewe."

Sista anasema yule kijana alikutazama kwa lile jicho zima, akauliza, "Wewe ni wa wapi?" Ukamwambia Jericho. Akaondoa mkono kwenye jicho.

Siku ya mahojiano nilijua kanuni. Mjumbe mwenye ndugu kati ya wanaohojiwa hutoka nje, na ni mimi niliyewahi kumkumbusha Bwana Wafula kanuni hiyo mpwa wake alipoomba udereva. Nilikuwa nimeshainuka, mkoba mkononi, Mchungaji aliposema kwa wema wake, "Mama Mutheu, kabla hujatuacha. Sista anamsifu sana binti yako. Umelea." Wote wakanigeukia, na yule daktari mshauri amekaa na kalamu yake.

Nikajibu kama mama yangu angejibu, na mama yake kabla yake. "Aiya, huyo bado mtoto. Hata chai hajui kuchemsha. Ana mengi ya kujifunza." Wakacheka, nami nikacheka, nikaenda kuketi nje pamoja na watu waliokuwa wakisubiri miwani.

Umelelewa Nairobi, lakini unajua. Kwetu Mbooni mama hamsifu mtoto wake mbele za watu. Mgeni akisema ng'ombe wako amenona, wewe unasema tangu juzi anakohoa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kizuri chajiuza, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi niliwafundisha hivyo watoto wa watu. Wote mle ndani walijua maneno yangu yana maana gani. Bwana Wafula kwao ni vivyo hivyo. Mama yake Mchungaji aliwahi kuniambia, mwanawe akiwa madhabahuni, kwamba alikuwa mtoto mvivu wa kuchota maji. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nilikaa kwenye benchi nikijua kwamba nimeomba kazi yako kwa adabu.

Sikujua kwamba ndani walikuwa wanaogopa. Waliogopa watu wa kanisa watasema nafasi imepewa mtoto wa mjumbe. Ulikuwa umejibu vizuri kuliko wote, anasema Sista, ambaye alibaki ndani baada ya kutoa habari zake, na kadiri ulivyojibu vizuri ndivyo walivyozidi kutafuta mlango wa kutokea, na mimi nilikuwa nimeshawafungulia. Yule daktari mshauri, ambaye tangu asubuhi hakupendezwa na bingwa anayezungumza Sheng na wagonjwa, alisema, "Hata mama yake anasema hajakomaa."  Bwana Wafula aliangalia dari. Wakamchukua yule kijana wa Botswana, ambaye wakati huo hakuwa bado wa Botswana.

Jioni ile uliingia hapa, Sista alikuwa ameshakuambia. Uliuliza swali moja tu, umesimama hapo kwenye kabati la vyombo. "Mama, ulisema hivyo?"

Nikasema, "Nilisema. Lakini unajua nilivyomaanisha."

"Najua," ukasema. Ukaingia jikoni, ukawasha stovu, ukachemsha chai. Uliitia tangawizi, ukaichuja, ukaleta kikombe kimoja ukakiweka mbele yangu, ukaenda chumbani kwako. Ilikuwa chai nzuri. Niliinywa yote peke yangu kwa sababu niliona aibu kuiacha.

Heri ungenifokea. Mtu akifokewa anapata pa kujibu. Wewe una adabu ya baba yako, ile ya kuinuka na kusema asante, na mimi sijawahi kuiweza. Tangu siku ile tumekuwa tukiongea habari za mafuta ya taa na nani ameoa. Unaniamkia vizuri. Unaniachia hela ya gesi chini ya kibao. Tunakula meza moja na nakukosa ukiwa mbele yangu, na hilo ni jambo nisilomtakia mama yeyote.

Lakini nimekuwa nikiwaza jioni hii kwamba labda wewe uliujua upweke huo kabla yangu. Baba yako alipofariki mimi nilikimbilia mikutano. Kamati ya ujenzi, kamati ya akina mama, bodi, mazishi ya watu nisiowajua. Nilikuwa nakuachia chakula kimefunikwa kwa sahani na Mama Akinyi wa jirani akuchungulie. Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili ya wagonjwa, wasitendewe kama baba yako. Ni kweli, lakini pia ni kweli kwamba sikuweza kukaa humu ndani kile kiti chake kikinitazama. Nikakuachia wewe ukae nacho. Ulikuwa Form Two. Niliijua foleni ya kliniki mtu kwa mtu, na sikujua mtoto wangu alikuwa anakula akiwa amesimama. Hilo aliniambia Mama Akinyi, miaka mingi baadaye, akidhani nalijua.

Basi ndipo akaja yule daktari wa Turkana, aliyekuwa akitafuta bingwa wa macho wa hospitali ya kule. Alikuwa ameshuka Nairobi kufuata dawa, hana ofisi, akaomba mwonane hapa nyumbani, na mimi nikajidai nina kazi jikoni. Nilisikia kila kitu, ukuta huu unaujua ulivyo mwembamba. Nimekaa na wajumbe wa bodi miaka yote hiyo na sijawahi kusikia mtu akichaguliwa vizuri namna ile. Vyeti vyako alivitazama baadaye, akishakunywa uji. Kwanza alikueleza habari za kina mama wa kule ambao ugonjwa wa vikope umewageuza kope kuingia ndani, kila wakipepesa zinawakwaruza jicho, wanazing'oa wenyewe kwa vidole. Akakuambia wengi watakuja wamechelewa na itabidi uwaambie hivyo. Kisha akauliza, "Umeme ukikatika na jicho liko wazi, utaanza na nini?"

Ukasema, "Nitazungumza na mgonjwa kwanza, halafu ndiyo niitishe tochi. Nikiitisha tochi kwanza atasikia nimeogopa."

Nilisimama pale na mwiko mkononi. Hakuna mtu aliyekufundisha hilo chuoni. Nadhani ulijifunza hapa, ukimsomea mtu gazeti.

Kisha akakuuliza lile swali ambalo sisi tulikuja kulijua baada ya kuumia, kama utakaa. Alilisema kwa namna yake. "Daktari, ni kitu gani kitakurudisha Nairobi?"  Ukasema, "Mama yangu akiugua. Kingine sidhani."

Sasa unajua kwa nini siku ile ugali uliungua.

Kwa hiyo unaona shida niliyo nayo mezani hapa. Neno la Mchungaji ninalo mimi peke yangu. Nikikupa, najua utakavyofanya. Utanitazama, utaona nimekonda, utasema Turkana watapata mwingine. Utabaki, na mimi sitajua maisha yangu yote kama umebaki kwa ajili ya macho ya vibarua wa Industrial Area au kwa ajili ya mjane mmoja wa Jericho. Na wale kina mama wa Turkana wataendelea kung'oa kope. Nisipokupa, utaenda ukiwa mwepesi, na utakuwa daktari mkubwa pahali walipokutaka tangu mwanzo, bila kuogopa watasemaje watu. Nimeiandika barua yote hii nikijiambia kwamba kukunyima habari ndiyo sadaka yangu. Nilishaanza hata kujihurumia, na kwa kweli ilikuwa tamu.

Lakini nikisoma nilichoandika, naona aibu. Waliketi chumbani wakaamua habari zako wewe ukiwa nje, na mimi nikawalaumu. Sasa naketi chumbani peke yangu, mwenyekiti, mjumbe na mshauri, naamua tena habari zako nawe hupo. Nina sababu nzuri. Na wao walikuwa na sababu nzuri. Hata yule wa kwenye sinki, nadhani alikuwa na foleni ndefu.

Tena nani aliniambia kwamba ukibaki ni kwa huruma? Labda unaitaka ile kliniki. Ulikulia jirani nayo. Labda utasema huitaki hata kwa dhahabu, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi, niseme bila kuficha, kwamba nitakuambia mlango uko wazi na wewe utafunga mizigo hata hivyo. Nikikuficha, angalau nitabaki nikiamini kwamba ungekaa kama ungejua. Nilikuwa najiwekea faraja ya uzeeni kwa gharama yako.

Wewe ni daktari mzuri, Mutheu. Nimekaa na madaktari wengi mbele ya ile meza na sijaona anayekuzidi. Una subira ya baba yako na mdomo wangu, na vyote viwili unavitumia mahali pake, jambo ambalo sisi wawili hatukuweza. Nilipaswa kusema hivyo siku ile, nimesimama na mkoba, kwa sauti, hata kama mama yangu angegeuka kaburini. Nimeliandika sasa na mkono wangu haujakauka. Umepata kazi ya Turkana kwa haki, na ya hapa ulistahili tangu siku ya kwanza.

Na kama utakwenda, nenda ukijua kwamba nitalia. Sitajikaza. Nitakaa hapa na redio yangu na nitakuwa mpweke, kwa sababu nakupenda na utakuwa mbali. Hilo si deni lako. Watu wengi katika estate hii wana watoto mbali na wanaamka asubuhi, wanapiga mswaki, wanaenda kanisani. Nami nitafanya hivyo. Ukibaki, tutakuwa na kazi nyingine ngumu ya kujifunza kuongea tena, na sina hakika ni ipi iliyo rahisi.

Nje giza limeanza kuingia bila mimi kutambua. Nasikia sauti yako kwa Mama Akinyi. "Mathe yuko?" Naye anakujibu, "Yuko ndani, lakini hata taa hajawasha, sijui ana nini." Umecheka. Unamwonyesha viatu.

Naweka kalamu. Barua hii nitakupa mkononi, usome ukitaka, lakini neno la Mchungaji hutalisoma. Nitakwambia mwenyewe hapo mlangoni kabla hujaingia vizuri. Nitakwambia pia kwamba mimi nataka ubaki. Kisha nitanyamaza, nikusikie wewe unataka nini.

Mama yako